Muyonza: uzio unaoota wenyewe na kubaki kijani wakati wa kiangazi

Kama una bustani ndogo ya mboga huku West Nile, hadithi hii unaijua. Mvua zinapoanza unapanda lengalenga, biringanya na nyanya. Unapalilia, unamwagilia, unangoja. Kisha watu wanamaliza kuvuna mashamba, mwezi wa kumi na mbili unafika, mbuzi wanafunguliwa kamba wajitafutie malisho, na siku moja unarudi kutoka kisimani unakuta vijiti vitupu. Mbuzi ni wa jirani. Jirani anasema uzio wako ni mbovu. Ukiutazama vizuri, unaona kwamba hakudanganya.

Uzio wa miti iliyokatwa haudumu huku kwetu. Mchwa wanaanza kula miti kutoka chini, ndani ya udongo, mahali usipopaona. Kwa nje nguzo inaonekana nzima, lakini mbuzi akiiegemea inaanguka. Kwa hiyo kila mwaka unarudi porini kukata miti mingine, na pori hilo lina wenyewe. Kuni, nyasi na miti ya kujengea ni kati ya mambo yanayoleta ugomvi mara kwa mara kati ya wakimbizi na wenyeji. Uzio mbovu unakugombanisha na watu mara mbili: mara ya kwanza unapokwenda kuukata, mara ya pili mbuzi anapoupita.

Makala hii inaeleza njia nyingine: kupanda uzio ulio hai kwa kichaka cha hapa hapa Uganda, kinachoitwa muyonza. Imeandikwa kwa ajili ya familia za Adumi na vijiji vya jirani, na kwa wakimbizi wanaoishi Lobule kule Koboko, Imvepi na Rhino Camp. Kazi yake si ngumu. Inahitaji mbegu, udongo, maji kidogo na miaka mitatu ya subira. Juu ya hiyo miaka mitatu tutazungumza, maana najua hapo ndipo wengi wataacha kusoma.

Muyonza ni mti gani?

Ukitoka mjini Arua kuelekea Adumi, upande wa kaskazini-magharibi karibu na mpaka wa Kongo, mwezi wa pili unakuta nyasi zimekauka na vumbi limefunika kila kitu. Lakini vichaka vichache havipotezi majani. Muyonza ni wa kundi hilo. Majani yake ni madogo, mazito kama ngozi, na yanang'aa kwa juu. Jani la namna hiyo halipotezi maji haraka. Mizizi nayo huingia chini sana kuliko ya nyasi na mboga. Ndiyo maana ukishashika vizuri, kiangazi hakiui muyonza.

Kwa kawaida hufika urefu wa mtu au zaidi kidogo, na ukiachwa bila kukatwa unaweza kufika mita 5. Una miiba migumu, iliyonyooka, mingine imegawanyika mara mbili kama uma. Maua yake ni meupe kwa ndani, na kwa nje yana rangi ya waridi au zambarau. Yananukia vizuri, hasa jioni. Matunda ni madogo ya mviringo, yanaanza kijani, yanakuwa mekundu, na yakiiva huwa ya zambarau iliyokolea karibu na nyeusi. Yaliyoiva yanaliwa, ni matamu yenye uchachu kidogo, na watoto wa Afrika Mashariki wameyala porini tangu zamani.

Jina lake la kitaalamu ni Carissa spinarum. Vitabu vya zamani vinaandika Carissa edulis. Muyonza ni jina la Waganda. Waacholi wanaita acuga, Wajaluo wa Kenya ochuoga, Wakikuyu mukawa, Wamasai olamuriaki. Vitabu vya Kiswahili vinaandika mtandamboo. Ukitaka kuonyeshwa karibu na kwako, usitegemee jina peke yake. Tafuta mzee wa kijiji au mchungaji wa mbuzi, mweleze miiba, maua meupe na tunda jeusi, akupeleke uone kwa macho. Mara nyingi huota pembeni mwa misitu, katika vichaka vya mawe, na juu ya vichuguu vya mchwa.

Tahadhari kabla ya kuchuma

Sehemu hii isome mara mbili, na uwasomee watoto.

Kuna mti mwingine Afrika Mashariki unaofanana na muyonza na ni wa ukoo mmoja nao. Wanasayansi wanauita Acokanthera. Kwa Kiswahili ni msunguti. Nao haupotezi majani, una majani magumu yanayong'aa, maua meupe au ya waridi yenye harufu nzuri, na matunda ya zambarau. Lakini mti huo ndio ambao wawindaji wa zamani walichemsha mbao na mizizi yake kupata sumu ya mishale. Sumu yake husimamisha moyo.

Tofauti kubwa ni hii: muyonza una miiba, msunguti hauna. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa watoto ni: hakuna miiba, usiguse tunda. Kanuni ya pili: hata kama kuna miiba, usile mpaka mtu mzima anayeujua mti huo akuambie, kwa sababu kuna miti mingine mingi ya miiba isiyoliwa. Kanuni ya tatu: tunda bichi la muyonza lina utomvu mweupe kama maziwa, hilo haliliwi, ngoja liive kabisa.

Mtoto akila tunda msilolijua, mpelekeni kituo cha afya mara moja, na mbebe tawi lenye majani na matunda ili mganga aone. Msingoje dalili.

Ongea na mwenye ardhi kwanza

Katika West Nile ardhi nyingi ni ya koo. Makazi ya wakimbizi yapo kwa sababu koo hizo zilikubali kutoa ardhi itumike. Ploti uliyopewa ni ya kutumia, si ya kumiliki. Na katika sehemu nyingi za Uganda, mstari wa miti iliyopandwa unasomwa kama alama ya mpaka. Mtu akikuona unapanda miti ya kudumu kwa mstari ulionyooka, anaweza kufikiri unadai ardhi. Anaweza kuing'oa usiku, na kwa maoni yake atakuwa anatetea urithi wa watoto wake.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba shimo hata moja, nenda kwa mwenyekiti wako wa RWC, na pamoja naye mwone mwenyekiti wa LC1 na mzee wa ukoo wenye ardhi. Usiende kulalamika juu ya mbuzi. Nenda kuomba. Unaweza kusema hivi: "Mzee, tumekuja kukuomba ruhusa. Tunataka kupanda kichaka cha miiba kuzunguka bustani ya mboga tu, ili tusiendelee kukata miti yako na ili mbuzi wako wasipate shida kwetu. Ardhi inabaki yako. Siku tukiondoka, uzio na matunda yake vinabaki kwako."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito. Hakikisheni makubaliano yameandikwa kwenye daftari la LC na mashahidi wametia sahihi. Na wewe mwenyeji wa Adumi unayesoma hapa, fikiria pia: kila familia inayopanda uzio hai ni familia moja isiyorudi porini kwako mwaka ujao na panga.

Piga hesabu yako

Katika makazi mengi ya West Nile familia ilipewa ploti ya mita 30 kwa 30. Kuizungusha yote ni mita 120. Ukipanda mche mmoja kila nusu mita, unahitaji miche 240. Hiyo ni mingi kwa mara ya kwanza, na itakuchosha.

Anza na bustani peke yake. Bustani ya mita 10 kwa 5 ina mzunguko wa mita 30. Acha mita 1 ya mlango, unabaki na mita 29, yaani miche kama 58. Otesha 80, kwa sababu mingine itakufa. Ukifaulu hapo, mwaka unaofuata utaongeza upande mwingine, tena kwa mbegu za kwako.

Kuotesha miche

Chuma matunda meusi yaliyoiva kabisa. Yaponde kwa mkono ndani ya beseni la maji, uoshe mpaka nyama yote ya tunda itoke. Mbegu zinazoelea zitupe. Zinazozama zianike kivulini siku moja au mbili, kisha zipande bila kuziweka muda mrefu, maana mbegu mbichi huota vizuri zaidi.

Jaza viriba au mifuko ya maziwa iliyotobolewa chini. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, na mchanga kidogo ili maji yapite. Weka mbegu mbili katika kila kiriba, zifunike kwa udongo usiozidi unene wa kidole. Tengeneza kivuli cha nyasi juu ya vijiti. Inua viriba kidogo kutoka chini, juu ya mawe au matofali, ili mchwa wasifike kirahisi na mizizi isichimbe ardhini.

Mbegu hazitoki siku moja. Nyingine hutoka baada ya wiki chache, nyingine huchelewa. Usimwage udongo wa kiriba kabla ya miezi miwili. Zikiota mbili pamoja, acha yenye nguvu, nyingine ihamishie kwenye kiriba kitupu.

Miche 80 haihitaji zaidi ya nusu ya jerikeni ya lita 20 kwa siku. Maji ya kuoshea mboga au mchele yanafaa. Maji yenye sabuni nyingi hayafai. Mwagilia asubuhi au jioni. Muyonza hukua polepole, kwa hiyo hesabu miezi sita au zaidi mpaka mche ufike urefu wa sentimita 20 hadi 30. Hii ina maana kwamba ukitaka kupanda mwezi wa nne, panda mbegu mwezi wa tisa au wa kumi. Wiki tatu kabla ya kuhamisha, ondoa kivuli kidogo kidogo na punguza maji, mche uzoee jua kali.

Kupanda kwa wakati wake

Huku kwetu mvua za kwanza huanza mwezi wa tatu au wa nne. Mvua kubwa zaidi hufuata mwezi wa nane mpaka wa kumi au wa kumi na moja. Panda mvua za kwanza zinaposhika. Mche uliopandwa mwezi wa nne unapata misimu miwili ya mvua kabla ya kiangazi cha kwanza, na mizizi yake inakuwa imekwenda chini. Uliopandwa mwezi wa kumi unakutana na jua la mwezi wa kwanza ukiwa bado mtoto.

Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 kwa upana. Changanya udongo wa juu na samadi. Pasua kiriba na ukiondoe chote, usikifukie. Panda mche katika kimo kile kile ulichokuwa nacho ndani ya kiriba, kandamiza udongo kwa mguu, na acha kibonde kidogo cha kukusanyia maji ya mvua.

Jambo la muhimu sana: usibomoe uzio wako wa zamani. Panda muyonza kwa ndani yake, nusu mita kutoka kwenye nguzo. Mbuzi hula majani laini ya muyonza kama anavyokula kitu kingine chochote. Miiba ya mche mdogo haimtishi. Kwa miaka hii miwili au mitatu ya mwanzo, nguzo za zamani ndizo zinazolinda miche. Zirekebishe vizuri mara hii, ukijua kwamba hutazirekebisha milele.

Kiangazi cha kwanza

Mti unaovumilia ukame hauzaliwi na uvumilivu huo. Unaupata mizizi ikishaingia chini. Kwa hiyo mwaka wa kwanza, kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka mvua zirudi, kila mche upatie maji mara moja kwa wiki. Chupa ya plastiki iliyotobolewa kidogo chini, ikazikwa nusu karibu na mche, inapeleka maji polepole moja kwa moja kwenye mizizi.

Funika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu usipotee, lakini nyasi zisiguse shina. Acha nafasi ya kiganja kimoja. Nyasi kavu huita mchwa, na mchwa akishafika shinani hataangalia kama mti ni mkavu au mbichi. Pitia miche kila siku chache, na ukiona njia za udongo za mchwa zibomoe.

Kama unaishi Rhino Camp, upande wa bondeni kuelekea Mto Nile, jua ni kali na kuna joto zaidi kuliko kwenye nyanda za juu za Arua na Adumi. Huko toa maji mara mbili kwa wiki, na uoteshe miche mingi zaidi ya ile unayohitaji.

Kukata ndiko kunakofanya uzio

Muyonza usiokatwa huwa kichaka kirefu chenye matundu chini, na mbuzi hupita chini. Mche ukifika urefu wa goti, kata ncha yake. Utauma kidogo moyoni, lakini mti utatoa matawi ya pembeni. Kila msimu wa mvua kata tena ncha za juu, na matawi marefu ya pembeni yapitishe kwenye nafasi iliyo wazi, uyasuke na ya jirani yake. Palipokufa mche, panda mwingine msimu unaofuata, usiache pengo.

Vaa viatu na ushike matawi kwa gunia, maana mwiba wa muyonza unaingia sana. Matawi uliyokata yakusanye yote. Usiyaache kwenye njia ambayo watoto wanapita bila viatu. Yalundike chini ya uzio wa zamani, yatasaidia kuzuia kuku na mbuzi wadogo. Usipande kabisa muyonza kando ya njia nyembamba ya watu au karibu na bomba la maji. Uzio ukifika urefu wa kifua, uweke hapo hapo. Hapo maua na matunda utayafikia kwa mkono.

Juu ya mizizi

Katika nchi zetu watu wengi huchimba mizizi ya muyonza kwa dawa. Atakuja mtu kukuomba. Kumbuka kwamba anayechimba mzizi anaua mti, na pengo la mti mmoja linatosha mbuzi mmoja. Na kama kuna mgonjwa nyumbani, hasa mtoto mwenye homa au mama mjamzito, mpelekeni kituo cha afya kwanza.

Kwa nini si mti unaokua haraka?

Ni swali la haki. Minyaa huota kwa kuchomeka kijiti tu, na katika mwaka mmoja unaona uzio. Lakini utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya, na bustani ni mahali pa watoto. Lantana nayo hukua haraka, lakini ilitoka Amerika, inaenea mashambani bila kuzuilika, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi. Ukiipanda kwako, mwenyeji wako ndiye atakayeing'oa shambani kwake kwa miaka mingi. Muyonza ni wa hapa. Ndege wanaujua, udongo unaujua, na hauleti vita mpya.

Miaka mitatu

Turudi kwenye subira. Usitegemee muyonza uzuie mbuzi kabla ya mwaka wa tatu, na kwenye udongo mbaya unaweza kuhitaji zaidi. Mkimbizi akisikia hivyo anauliza: nani anajua kama nitakuwa hapa miaka mitatu? Kupanda mti wa kudumu kunaweza kuonekana kama kukubali kwamba hutarudi nyumbani.

Lakini fikiria hivi. Makazi ya Imvepi yalifunguliwa Februari 2017. Waliofika mwaka ule, wengi walidhani ni kwa muda mfupi. Aliyepanda muyonza mwaka ule angekuwa na uzio kamili kufikia 2020 au 2021, na miaka yote iliyofuata asingekata nguzo hata moja. Asiyepanda ameukata uzio wake upya mwaka baada ya mwaka, akingoja. Wote wawili walitaka kurudi nyumbani kwa kiasi kile kile.

Na ukirudi kwenu kabla uzio haujakamilika, hujapoteza kitu kikubwa. Mfuko mdogo wa mbegu haulemei mzigo. Uzio uliobaki utamlisha mtoto wa mwenye ardhi matunda, naye ataambiwa ni nani aliyeupanda.

Kwa wiki hii, fanya mambo mawili tu: tafuta mtu atakayekuonyesha muyonza ulipo karibu na kwako, na uende ukamsalimie mwenye ardhi.